Hodi Moja, Milango Kumi na Minne

Hotuba kwa wanafunzi wa famasia na familia za wagonjwa, imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi wazazi na ndugu mliokuja kwa sababu nyumbani kuna mtu anayemeza dawa za akili kila siku: shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo.

Naanza na jibu baya nililowahi kutoa. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni juzi tu, nimesimama dirishani kwenye duka la dawa. Akaja mama mmoja na cheti cha daktari kilichokunjwa mara nne: fluoksetini, dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kidonge kimoja kila asubuhi, jina la mgonjwa ni la mwanawe. Nikampa boksi, lakini hakuondoka. Akaniuliza, "Baba, hii inamwongezea nini mwanangu kichwani?" Nyuma yake palikuwa na foleni, nikajibu upesi: "Mama, kichwani mna kitu kinaitwa serotonini. Ya mwanao imepungua. Dawa hii inaijaza." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mboga imepungua chumvi, akaenda zake.

Jibu lile lilikuwa jepesi kubebeka, nami nililibeba kutoka darasani bila kulipima. Leo nataka kumjibu yule mama upya, mbele yenu.

Serotonini haikugunduliwa kichwani, iligunduliwa tumboni. Katika miaka ya 1930, huko Pavia, Italia, Vittorio Erspamer alikamua kutoka kwenye ngozi ya ndani ya utumbo kitu kinachoufanya utumbo ujikunje, akakiita enteramini. Mwaka 1948, ng'ambo ya bahari, Cleveland, Marekani, kulikuwa na watu watatu waliokuwa wakitafuta jambo jingine kabisa. Irvine Page alitaka kujua shinikizo la damu linaletwa na nini, na kila damu ilipoganda kwenye vyombo vyake, maji yake yalikuwa na kitu kinachobana mishipa na kumharibia vipimo. Maurice Rapport na Arda Green wakapewa kazi ya kukitoa kitu hicho. Walichuja damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, ndoo kwa ndoo, mpaka wakapata fuwele chache. Kwa kuwa kimetoka kwenye maji ya damu na kinakaza mishipa, wakakiita serotonini: "sero" ni maji ya damu, "tonini" ni kukaza. Miaka michache baadaye ikajulikana kwamba enteramini ya Pavia na serotonini ya Cleveland ni kitu kimoja.

Aliyeipeleka serotonini kwenye ubongo ni Betty Twarog, na alianzia kwa kome. Kome wale wa magamba mawili wanaojishika kwenye miamba wana msuli unaoweza kukaza kwa saa nyingi bila kuchoka. Twarog alitafuta kinachoulegeza, akaikuta serotonini. Akajiuliza: ikiwa mnyama mdogo namna hii anaitumia kupelekea ujumbe, kwa nini wanyama wakubwa wasiitumie? Akaenda kwa Page, akapima ubongo wa wanyama wanaonyonyesha, na mwaka 1953 majibu yakachapishwa: imo. Wanafunzi, mkiambiwa utafiti wenu juu ya kiumbe cha ufukweni hauna faida kwa mgonjwa, mkumbukeni mama huyu na kome wake.

Hata leo, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za serotonini ya mwili ziko tumboni. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na zinazotengeneza serotonini ni laki chache tu, zimekaa kishinani mwa ubongo, lakini nyuzi zake zinatapakaa karibu kila kona ya kichwa. Na ile ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo mtu akikwambia ndizi zina serotonini, amesema kweli. Akikuuzia ndizi ziwe tiba ya sonona, usimpe hela yako.

Sasa tuje kwenye milango.

Wanafunzi wa siku hizi mnaviona vipokezi, yaani milango ya seli inayopokea serotonini, kwenye kompyuta, vimepakwa rangi. Sisi tulifundishwa kwa utumbo. Kipande cha utumbo wa sungura, kifupi kama kidole, kinafungwa uzi huku na huku, kinaning'inizwa ndani ya bomba la kioo lenye maji ya chumvi na sukari, joto la nyuzi 37, hewa inapanda chini yake kwa mapovu. Uzi wa juu umeshika kijiti chepesi, na ncha ya kijiti inagusa karatasi iliyopakwa masizi, inayozunguka polepole. Utumbo ukijikunja, kijiti kinachora mstari mweupe kwenye weusi. Mnyama amekufa tangu asubuhi, lakini utumbo wake unaendelea kupanda na kushuka kana kwamba unapumua. Unadondosha tone la serotonini. Mstari unaruka juu. Unasuuza, unasubiri, unaweka dawa ya kuzuia kwanza, kisha unadondosha tone lile lile. Safari hii mstari unaruka nusu tu. Hapo ndipo swali linapozaliwa: ile nusu iliyobaki imepita wapi?

Swali hilo ndilo John Gaddum na Zuleika Picarelli walilolijibu mwaka 1957, kwa utumbo wa simbilisi. Mofini ilizima sehemu ya mkunjo. Dawa nyingine, dibenzilini, ilizima sehemu nyingine. Kila moja peke yake haikuweza kuumaliza. Wakasema: basi serotonini inaingia kwa milango miwili, si mmoja. Mwaka 1979 Peroutka na Snyder, huko Baltimore, wakatumia dawa zilizotiwa mionzi kidogo ili waone zinashika wapi kwenye ubongo, nao wakatofautisha aina mbili kwa njia yao. Kisha wakaja wasomaji wa jeni, na milango ikazidi kuongezeka mpaka tukafika tulipo: koo saba, vipokezi 14, kila kimoja kikiitwa kwa namba ya ukoo wake, na mara nyingi herufi. Kumi na tatu vina umbo la familia moja, uzi wa protini unaopenya ukuta wa seli mara saba, ukipokea habari nje na kuipeleka ndani. Mmoja, wa namba 3, ni tofauti: wenyewe ni tundu, likiguswa linafunguka na chumvi zinapita papo hapo.

Mimi huwaeleza watu hivi. Serotonini ni hodi. Mgeni mmoja akipiga hodi kwenye nyumba kumi na nne, kwa sauti ile ile, hapati jibu moja. Hapa atatoka mtoto anakimbia. Pale ataitika mzee kutoka ndani na kusema subiri. Nyumba ya tatu ataachiwa mbwa. Kinachotokea baada ya hodi kinaamuliwa na aliyemo ndani. Na kazi ya mtengeneza dawa ni kumpata mgeni bandia anayeujua mlango mmoja na kuiacha mingine.

Mlango wa 3 ukigongwa tumboni na kwenye neva za kutapika, mtu anatapika. Dawa ya saratani inaumwaga mzigo wa serotonini kutoka kwenye seli za utumbo, mlango unagongwa kwa fujo. Ondansetroni inakaa kizingitini na kuuziba. Aliyewahi kumuuguza mtu wa saratani kabla na baada ya dawa hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Milango ya 1B na 1D iko kwenye mishipa ya kichwa na neva zake: sumatriptani ya mwaka 1991 inaigonga, na kipandauso kinatulia. Mlango wa 1A, buspironi inaufungua nusu tu, na hiyo nusu inatosha kupunguza wasiwasi kwa baadhi ya watu. Mlango wa 2A umejaa kwenye gamba la mbele la ubongo, na dawa nyingi mpya za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, zinauziba pamoja na vipokezi vya dopamini, mjumbe mwingine wa ubongo. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha pimavanserini kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, wanaoona na kusikia visivyokuwepo. Hawa ukiwazibia dopamini, wanakakamaa na kushindwa kutembea. Dawa hii inaushughulikia mlango wa 2A na kuiacha dopamini kama ilivyo.

Mlango ninaotaka tukae nao zaidi ni wa 2B.

Kulikuwa na dawa inayoitwa fenfluramini. Ilipunguza hamu ya kula, na katika miaka ya 1990 Wamarekani wengi waliotaka kupungua waliitumia pamoja na dawa nyingine, fentermini. Watu walipungua kweli. Kisha mwaka 1997 madaktari wa kliniki ya Mayo wakaandika habari za wanawake 24 waliokuwa wakitumia dawa hizo mbili, wote valvu za moyo zimeharibika. Zimenenepa, zimekakamaa, hazifungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Mwaka huo huo fenfluramini ikaondolewa sokoni.

Lakini kwa nini moyo? Dawa ilikuwa ya kichwa! Jibu lilipatikana mwaka 2000, watafiti walipoichukua fenfluramini na kile ini linachoigeuza kuwa, wakavipitisha kwenye kipokezi kimoja baada ya kingine. Hamu ya kula ilikuwa inashushwa kupitia mlango wa 2C. Ila masalia ya dawa yaligonga pia 2B, na 2B imekaa kwenye seli za valvu za moyo. Ikigongwa siku baada ya siku, seli zile zinaambiwa: zaeni, ongezekeni. Valvu inanenepa. Dawa nyingine, ya Parkinson, iitwayo pergolidi, nayo ikakutwa na kosa hilo hilo, na mwaka 2007 ikaondolewa Marekani.

Fikirini 2B na 2C zilivyo: ndugu wa ukoo mmoja, majina yamepishana kwa herufi, maumbo yamefanana mpaka mgeni anakosea mlango. Tofauti ya herufi moja ni tofauti ya kupungua uzito na kufa kwa moyo. Ndiyo maana siku hizi kampuni makini hazipeleki dawa kwa binadamu kabla ya kuijaribu kwenye 2B. Mtu akinung'unika kwamba utafiti unachukua miaka mingi mno, na wagonjwa wanateseka, mimi namwelewa, maana nami nina mgonjwa kwenye ukoo wetu. Lakini sehemu ya miaka hiyo ndiyo inayotumika kugonga milango ambayo hatuitaki, tuone kama itafunguka.

Na fenfluramini yenyewe? Imerudi. Mwaka 2020 Marekani iliiruhusu kwa watoto wenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali kinachoanza uchangani na kisichosikia dawa za kawaida. Kipimo ni kidogo, na mtoto anapigwa picha ya moyo kila baada ya miezi michache. Dawa ni ile ile, ila sasa tunajua mlango wa kuulinda.

Nije kwenye yale yanayosemwa sana sasa: uyoga wa kuleweshea, LSD, ile dawa ya maabara inayomfanya mtu aone visivyokuwepo, na sonona. Tangu mwaka 1998, huko Zurich, ilionekana kwamba mtu akipewa kwanza dawa ya kuziba 2A, uyoga wa kuleweshea haumpeleki kokote. Kwa hiyo tunajua ni mlango gani. Na kwa nini LSD inamshika mtu nusu siku nzima? Mwaka 2017 kundi la Bryan Roth, North Carolina, lilifanikiwa kupiga picha ya LSD ikiwa ndani ya kipokezi, tena kipokezi chenyewe ni hicho hicho 2B. Walikuta kipande cha protini kimejikunja juu yake kama kifuniko cha chungu. Mgeni ameingia, na mlango umejifunga nyuma yake. Walipokilegeza kifuniko, LSD ilitoka upesi. Nilipoiona picha ile nilikaa kimya kwa muda. Miaka sitini ya kukisia, na jibu ni kifuniko.

Mwaka 2022 kulichapishwa jaribio kubwa la watu 233 wenye sonona iliyokwisha kushindwa na dawa nyingine. Waliopewa miligramu 25 za silosibini, kemikali iliyomo kwenye uyoga huo, mara moja, wakiwa na wasaidizi waliofunzwa, walikuwa na nafuu zaidi wiki tatu baadaye kuliko waliopewa miligramu moja. Wako pia waliopata kichefuchefu na maumivu ya kichwa, na wako waliopatwa na mawazo ya kujidhuru. Wenye historia ya skizofrenia hawakuingizwa. Nasema haya polepole kwa sababu vijana wanasoma kichwa cha habari tu, kisha wanaenda kutafuta uyoga. Ndugu yangu, kama kwenu kuna mtu anayesikia sauti, mlango huu usiuguse.

Mwaka huo huo watafiti wa California, North Carolina na kwingineko walifanya jambo linalonipa tumaini zaidi. Walichora kwenye kompyuta molekuli milioni 75 ambazo nyingi hazijawahi kutengenezwa na mtu, wakazijaribu moja moja kwenye umbo la 2A, wakatengeneza chache tu zilizoonekana kuingia vizuri. Panya aliyelewa dawa za aina ya LSD hutikisa kichwa kwa haraka, ndiyo dalili yake. Panya waliopewa molekuli mpya hawakutikisa kichwa, na bado walionyesha dalili za kupungua kwa sonona. Ni panya, sijasema ni watu. Lakini inaonyesha kwamba ndani ya mlango mmoja kuna vyumba zaidi ya kimoja, na huenda tukaweza kuingia chumba cha uponyaji bila kupita kile cha ulevi.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana alirudi.

Alirudi baada ya miezi miwili hivi, akaniambia, "Baba, kile kitu kilijaa. Mwanangu alipata nafuu, tukaacha. Sasa amelala tena, hataki kula." Ukimwambia mtu kitu kimepungua, naye akaona kimejaa, kwa nini aendelee kumimina? Alifuata jibu langu kwa akili timamu, na jibu langu ndilo lililomrudisha mwanawe kitandani.

Fluoksetini haigongi mlango wowote. Baada ya serotonini kupiga hodi, kuna pampu inayoirudisha kwenye seli iliyoitoa. Dawa inaiziba pampu, mgeni anakaa barazani muda mrefu zaidi. Pampu inazibika tangu siku ya kwanza, lakini nafuu inachukua wiki kadhaa. Ingekuwa ni kujaza tu, mgonjwa angeamka kesho yake anacheka. Sehemu ya sababu, kwa maoni ya wengi, ni mlango wa 1A ulio kwenye seli zinazotoa serotonini: zikihisi hodi zimezidi, zinapunguza kazi, na zinahitaji wiki kadhaa kuzoea. Mwaka 2022 timu ya Joanna Moncrieff, London, ilipitia tafiti za miongo na haikupata ushahidi thabiti kwamba sonona inaletwa na upungufu wa serotonini. Wengine wakadaka hilo wakasema basi dawa ni uongo. Hapana. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 522 yenye watu 116,477, na dawa zote 21 zilizopimwa zilifanya kazi kuliko kidonge kitupu kwa watu wazima, nyingine zaidi, nyingine kidogo. Panadoli inatuliza kichwa, wala hakuna anayesema kichwa kiliuma kwa kupungukiwa panadoli.

Kwa wanafunzi, nina mambo mawili ya hapa kwetu. La kwanza ni ini. Dawa nyingi za milango hii zinavunjwa na kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6, na jeni yake si moja duniani kote. Mwaka 2001 ilichapishwa habari ya aina yake iitwayo *29, iliyokutwa kwa Watanzania wengi, inayofanya kazi polepole kuliko ya kawaida. Dozi iliyopimwa kwa wazungu inaweza kukaa mwilini mwa mtu wa Morogoro kwa muda mrefu kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi. Mgonjwa wa amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, akikwambia dawa ndogo inamlaza mchana kutwa na mdomo umekauka, usimwambie amezidisha maneno. Nataka kuona majina ya vyuo vyetu kwenye tafiti hizi, na damu zetu zipimwe na watu wetu.

La pili ni kuchanganya. Dawa ya kwanza kabisa ya sonona ilitoka wodi ya kifua kikuu: iproniazidi, Staten Island, New York, mwaka 1952, wagonjwa wa mapafu wakaanza kuchangamka na kucheza kwenye korido, kwa kuwa dawa ilizuia kimeng'enya kinachovunja serotonini. Linezolidi tunayoitumia leo kwa kifua kikuu sugu inazuia kimeng'enya hicho hicho. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayemeza fluoksetini, au kijana wa fluoksetini anayenunua tramadoli, dawa ya maumivu, mtaani, anaweza kupata hodi nyingi kupita kiasi: jasho, kutetemeka, homa, misuli kurukaruka, kuchanganyikiwa. Hilo ni la hospitali usiku huo huo. Kabla hujatoa boksi dirishani, uliza: unameza nini kingine?

Yule mama nilimketisha kwenye benchi, foleni ikangoja. Nikamweleza habari ya hodi, ya baraza, ya wiki za kuzoea. Nikamwambia kwamba nafuu ikija dawa inaendelea kwa miezi, na kwamba kuacha ni kwa kupunguza kidogo kidogo, daktari akijua. Nikamwambia pia kwamba mara ya kwanza nilimjibu vibaya. Hakunikasirikia. Aliniomba niandike juu ya boksi tarehe ya kurudi kliniki, na chini yake maneno mawili, *asiache mwenyewe*. Nikaandika kwa herufi kubwa. Akayasoma kwa sauti mara mbili, akalifunga boksi kwenye pindo la khanga.